Jinsi ya Kuzunguka Kasri la Versailles na Bustani Zake kwa Baiskeli

Karibu, ndugu mtazamaji. Katika video hii nitakuelekeza, hatua kwa hatua, namna ya kutembelea kasri la Versailles, nje kidogo ya Paris, kwa kutumia baiskeli. Wageni wengi huanza na vyumba vya kasri, wakachoka kwenye foleni, kisha wakaangalia bustani kutoka juu ya ngazi na kurudi mjini. Mimi nakushauri ugeuze mpango huo: baiskeli asubuhi, kasri alasiri. Sababu yake utaiona tutakapofika ndani.

Kwanza, chagua siku. Kasri hufungwa kila Jumatatu, kwa hiyo siku ya Jumanne huvuta watu wengi kuliko kawaida. Jumatano au Alhamisi ni nafuu. Nunua tiketi ya kasri mapema kwenye tovuti rasmi na uchague saa ya kuingia kuanzia saa tisa alasiri. Panda treni ya RER, inayounganisha Paris na vitongoji vyake, njia ya C, ushuke kituo cha Versailles Château Rive Gauche, ambacho kiko umbali wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka lango kuu.

Pili, usiingie kwa lango kuu. Angalia ramani iliyo kwenye skrini: eneo hili lina sehemu mbili zenye masharti tofauti. Bustani zilizo karibu na kasri, zenye chemchemi na sanamu, haziruhusu baiskeli kabisa, hata ukiikokota, na siku za maonyesho ya chemchemi huingii bila tiketi. Viwanja vya nje, vyenye miti mirefu na Mfereji Mkuu, viko wazi kwa waendesha baiskeli na havina kiingilio. Basi fuata barabara ya Boulevard de la Reine hadi lango la Grille de la Reine. Baiskeli za kukodi hupatikana karibu na lango hilo, na pia kwenye kichwa cha mfereji, mahali paitwapo Petite Venise. Beba kitambulisho, kwani kwa kawaida hutakiwa kama dhamana.

Tatu, ikague baiskeli kabla hujaondoka nayo. Tazama mkono wangu hapa: nabonyeza tairi kwa kidole gumba, na likibonyea kwa urahisi naomba lijazwe upepo au nibadilishiwe. Kisha nasukuma baiskeli mbele huku nikibana breki moja baada ya nyingine. Zingatia kwamba kwenye baiskeli nyingi za Ufaransa breki ya gurudumu la mbele iko mkono wa kushoto. Ukiibana ghafla kwenye kokoto unaweza kurushwa juu ya usukani. Rekebisha kiti mpaka mguu unyooke karibu wote kanyagio likiwa chini, na uhakikishe umepewa kufuli. Wewe uliyezoea kuendesha kushoto, kama tulivyo Tanzania, Kenya na Uganda, jikumbushe kwamba hapa watu hupita kulia. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hawana tatizo hilo.

Nne, anza kuuzunguka mfereji. Ulichimbwa kati ya mwaka 1668 na 1679 kwa ajili ya Mfalme Louis wa 14, chini ya usanifu wa André Le Nôtre, na una umbo la msalaba: urefu wake ni mita 1,670, na mikono yake miwili ya pembeni kwa pamoja inazidi kilomita moja. Kutoka Petite Venise, mahali walipokaa wapiga makasia waliotoka Venice, vuka kichwa cha mfereji na ushike ukingo wa kusini. Maji yawe upande wako wa kulia muda wote, nawe hutapotea. Mzunguko mzima ni takriban kilomita tano na nusu; kwa mwendo wa taratibu na kusimama hapa na pale, tenga saa moja na nusu.

Usiikate njia kwenye mkono wa kusini, ingawa utaona watu wakigeuza hapo. Fika hadi ncha ya magharibi, shuka, ugeuke nyuma. Ukisimama juu kwenye ngazi za kasri, mfereji huonekana mfupi na mikono ya pembeni karibu huioni. Ukisimama hapa, kasri limekuwa mstari mdogo juu ya kilima na miguu yako inajua umbali uliopita. Picha ya asubuhi itakuwa na giza kidogo, kwa sababu jua liko nyuma ya jengo.

Tano, rudi kwa ukingo wa kaskazini, fuata mkono wa kaskazini na upande hadi Trianon, majumba madogo ya kifalme, ambako milango hufunguliwa saa sita mchana. Baiskeli haziingii ndani, ifunge nje. Trianon Kubwa, ya marumaru ya waridi, ilijengwa mwaka 1687. Ukiwa na muda mchache, ipite haraka, uende kwenye kijiji alichojengewa Malkia Marie-Antoinette kuanzia mwaka 1783, chenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi, bustani za mboga na ziwa dogo. Malkia alipumzika na kupokea wageni hapa, huku wakulima wa kweli wakihangaikia mkate.

Sita, rudisha baiskeli pale pale ulipoikodi, chukua kitambulisho chako, uingie kasri. Ukumbi wa Vioo una urefu wa mita 73 na vioo 357, na madirisha yake yanaelekea magharibi. Ndiyo maana nilikuambia uje alasiri, wakati jua linapoingia moja kwa moja na kugonga vioo vya ukuta wa pili.

Simama katikati ya ukumbi huo. Hapa, tarehe 28 Juni 1919, ulitiwa saini Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza na kuipokonya Ujerumani makoloni yake, na kutokana nao Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Tanganyika, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Miezi sita hiyo ilipita bure: fuvu lilirudi mwaka 1954, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipomkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi Mkwawa, na sasa limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa. Waongozaji wengi hawalitaji jambo hili, kwa hiyo waeleze mwenyewe wale uliofuatana nao.

Ukitoka, rudi kituo kile kile cha Rive Gauche. Hapo ndipo mwisho wa reli, hivyo treni yoyote utakayoikuta inaelekea Paris.