DSLR: Kamera Moja, Rika Mbili

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa Uyole na Mwanjelwa, habari zenu. Mliotoka Tukuyu na mvua yenu, karibuni mkauke.

Nimeombwa nieleze kwa nini DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, inapendwa na rika mbili ambazo hata muziki wa harusi hazipatani. Mimi naona kila rika ina sababu yake.

Mzee aliyekulia kwenye mkanda wa picha 36 amezoea kuchungulia na kuona kitu chenyewe. Ndani ya DSLR kuna kioo kilichoinama nyuzi 45: mwanga unapita kwenye lenzi, unapanda hadi kwenye prizimu inayougeuza, unafika jichoni. Ukibonyeza, kioo kinaruka na mwanga unaifikia sensa, sehemu inayonasa picha. Kamera yake ya zamani ilikuwa hivyohivyo, ila nyuma palikaa mkanda. Mwaka 1991 Kodak ilipotoa DSLR yake ya kwanza, ilichukua Nikon F3, kamera ya mkanda, ikaifungia sensa ya megapikseli 1.3. Hata lenzi nyingi za Nikon za miaka ya 80 bado zinaingia kwenye DSLR zao. Ila ukifunga zile za kulenga kwa mkono kwenye kamera za bei ndogo, kamera haitakupimia mwanga. Kijana atadhani kamera imekufa, mzee atakadiria kwa macho na kuendelea na kazi.

Kijana ametokea kwenye simu. Anachotafuta ni mandhari ya nyuma iliyofifia, video, na hela ya kipaimara na sendofu. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ndiyo iliyowaonyesha wengi kwamba kamera ya picha inaweza kupiga video ya kiwango cha sinema. Siku hizi Canon na Nikon zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, kwa hiyo DSLR za mtumba zimeshuka bei. Kijana hapo ndipo anapoingia, na simlaumu.

Ila vijana, mnanunua kwa kuangalia megapikseli tu! Uliza shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imebofywa mara ngapi. Mulika lenzi kwa tochi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa kuvu, na unyevu wa kwetu utauzidishia. Na ukipanda hifadhi ya Kitulo kupiga picha za maua, betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, maana baridi huipunguzia nguvu. Chungulia kwenye kitundu badala ya skrini, utamaliza siku.

Sasa mzee wangu hapo mbele, hiyo lenzi yako ya milimita 50 ipitishe huku tuimulike.