Ziba Jicho Kwanza: Mhadhara kwa Wahudumu wa Macho

Ndugu zangu, nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Mgonjwa akikwambia, "Jicho langu la kulia halioni," usiandike hivyo kwenye faili kabla hujaliziba.

Alinijia mama mmoja, mshonaji. Miwani ameshapewa mara mbili, na bado namba za upande wa kulia wa futi kamba zinampotea. Nikamweka mbele ya chati. Kila mstari anaukatiza, herufi za mwisho anaziacha kana kwamba hazikuandikwa. Nikaliziba hilo jicho la kulia analolilaumu. La kushoto, analoliita zima, likaacha herufi zilezile! Hapo retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, haina kesi. Macho yote mawili yamepoteza upande mmoja, na mpaka wake umesimama wima kama uliopigwa timazi. Alikuwa na kiharusi, nyuma ya ubongo, upande wa kushoto.

Nyuzi za retina za upande wa pua huvuka kwenye kiasima, ile njia panda ya neva za macho. Za upande wa sikio hazivuki. Kwa hiyo ukishapita hapo, ubongo wa kushoto unabeba upande wa kulia wa kile yanachokiona macho yote mawili.

Najua mtu atasema, "Kituoni kwetu hatuna mashine ya kupima upeo wa kuona." Kile kifuniko chekundu cha chupa ya dawa ya kutanua mboni je? Mnakitupa! Kaa mita moja mbele yake, akukazie macho puani, ukipitishe polepole toka upande huu wa pua kwenda ule. Wekundu ukififia ghafla ukivuka mstari wa pua, mpe rufaa akapigwe picha ya kichwa. Ukififia upande wa nje kwa kila jicho, fikiria uvimbe wa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, unaokandamiza kiasima. Huyo miwani haitamsaidia.

Muda unaniishia. Sehemu isiyoona kwa sababu ya presha ya macho hufuata mstari wa mlalo, si wa wima. Retina ikibanduka, kivuli ni cha jicho hilo tu. Anayemeza ethambutoli kwa ajili ya kifua kikuu akiona wekundu umepauka katikati, daktari wake ajue leo leo. Mboni tutaziona mchana.

Sasa geukeni wawili wawili. Mwenzako akiziba jicho la kushoto, wewe funga la kulia. Anzeni.