Sauti Ipi Inaachia? Mhadhara Kuhusu Kuzipa Kordi Majina

Walimu wa kwaya na wapiga vinanda, karibuni. Tuanze na noti nne tu. Ndugu uliye kwenye kinanda, tupigie F, A, C na D kwa pamoja. Asante. Hiyo ni kordi gani?

Nasikia majibu mawili. Wenzetu wa magitaa wanasema ni F yenye sita, yaani F, A, C na D ya kuongezwa. Huku nyuma wanasema ni D maina yenye saba, iliyogeuzwa F ikakaa chini. Noti ni zilezile, wala hakuna aliyehesabu vibaya.

Ubishi huu ni wa zamani. Jean-Philippe Rameau, mpiga ogani wa Ufaransa, aliuvalia njuga takriban miaka 300 iliyopita. Katika kitabu chake cha mwaka 1722 alifundisha kwamba C–E–G, E–G–C na G–C–E ni kordi moja, maana mzizi wake, yaani noti ambayo kordi imejengwa juu yake, ni uleule hata noti ya chini ikibadilika. Leo tunaliona jambo jepesi, lakini wapiga ogani wa wakati ule walizoea kuhesabu kutoka noti ya besi kwenda juu, na kila mpangilio ukawa na tarakimu zake.

Haya, mzizi wa kordi yetu ni F au D? Mkiitazama imesimama peke yake mtabishana mpaka jioni. Tuisikilize inapoondoka. Do ni C. Besi shikeni fa, sauti ya tena shikeni do, alto la, soprano re. Sasa tegeni sikio kwa tena na soprano. Do na re ni majirani. Zikilia pamoja zinasuguana, na sikio linangoja mmoja amwachie mwenzake nafasi.

Njia ya kwanza: besi pandeni so, alto shukeni so, soprano bakini na re, tena shukeni kutoka do kwenda ti. Mmesikia? Aliyeachia ni tena. Soprano hakutikisika. Kumbe do ndiyo iliyokuwa inasumbua: ni saba, yaani noti ya saba ukihesabu kutoka D, na saba kawaida yake ni kushuka. Mzizi ni D, nasi tumetoka D kwenda G.

Rudini mlipoanzia. Njia ya pili: besi fa kwenda do, alto la kwenda so, tena bakini na do, soprano pandeni re kwenda mi. Huo ni mwendo wa "Amina" mnaoujua. Safari hii tena ametulia na soprano ndiye aliyeachia. Re ilikuwa sita ya kuongezwa tu, ikapanda. Mzizi ni F.

Ndiyo maana nazipenda namba za Kirumi, zinazotaja mzizi wa kordi ni noti ya ngapi ukihesabu kutoka do. Jina la herufi, kama F au D, linamwonyesha mpiga gitaa pa kuweka vidole, na hiyo ni kazi muhimu. Lakini do ikihamia E flati, herufi zote zinahama nayo. Namba haihami. Mjerumani Gottfried Weber ndiye aliyezieneza mwanzoni mwa karne ya 19, kubwa kwa meja na ndogo kwa maina. Njia yetu ya kwanza ni ii kwenda V, ya pili ni IV kwenda I. Ninyi mliolelewa na solfa hamna haja ya kuziogopa, kwa sababu do yenu imekuwa ikihama tangu mwanzo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye nakala za kwaya ni kuandika jina juu ya kila kordi kabla ya kuimba kordi inayofuata. Imbeni kwanza, kisha andikeni.

Na ipo hali moja inayonifurahisha kuliko zote. Anzeni na C, nendeni kwenye kordi yetu, kisha G. Ikitanguliwa na C, sikio linaipokea kama F, kwa sababu C kwenda F ni hatua ya tano kushuka. Ikielekea G, inaondoka kama D, nayo ni hatua ileile. Rameau alikubali hayo yote mawili: kordi inaingia na mzizi mmoja na kutoka na mwingine. Mimi kwenye nakala zangu naandika IV, kisha mkato, kisha ii, juu ya kordi ileile. Tuiimbe hivyo sasa, polepole. Tena, hiyo do msiiachie mpaka niwape ishara.