Siri za Wenzangu: Kwa Nini Ninatumia Funguo za Usimbaji

Ndugu wasikilizaji,

Kila ninapotaja usimbaji wa barua pepe, yaani kuzifunga ili asizisome ila aliyeandikiwa, huulizwa: una nini cha kuficha? Jibu langu ni kwamba mengi ninayoyaficha si yangu. Katika barua zangu mna majibu ya vipimo vya ndugu yangu, mna rafiki anayeeleza jinsi ndoa yake ilivyovunjika, wala hakuna kati yao aliyeniruhusu kuyaacha maneno yake wazi mbele ya mwenye seva, kompyuta yanakohifadhiwa. Siri yangu naweza kuianika nikipenda. Ya mwenzangu sina mamlaka nayo.

Njia ninayoitumia ina mizizi katika wazo lililochapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, la kumpa kila mtu funguo mbili za kompyuta: wa umma, anaougawa kwa yeyote, na wa siri, asiomwonyesha mtu. Barua iliyofungwa kwa ule wa kwanza hufunguliwa na wa pili pekee, hata aliyeiandika asiweze kuifungua tena. Phil Zimmermann alipotoa programu ya PGP mwaka 1991, ufundi huo ukawafikia watu wa kawaida, naye akachunguzwa na serikali ya Marekani hadi mwaka 1996, uchunguzi ulipofungwa bila mashtaka.

Sisemi kwamba ni kazi nyepesi. Diski yangu iliwahi kuharibika ikiwa na ufunguo wa siri, nami sikuwa na nakala. Barua za miaka miwili zikabaki mafungu ya herufi zisizosomeka, ambazo hadi leo sijapata moyo wa kuzifuta. Siku hizi nakala ninaiweka kwenye kifaa kisichounganishwa na intaneti. Aidha, nikipokea ufunguo mpya humpigia simu mwenyewe, tukasomeana alama 40 za kuutambulisha, moja baada ya nyingine (zoezi la kuchosha, nakiri), kwa kuwa ufunguo bandia wenye jina la rafiki humfanya mtu aandike kwa uhuru asiostahili kuwa nao.

Hata hivyo, ufunguo haufichi nani amemwandikia nani, wala saa ngapi, na mara nyingi haufichi hata kichwa cha barua. Ndugu yangu aliponiandikia barua yake ya kwanza iliyosimbwa, alikuwa ameutaja ugonjwa wake, kwa jina lake kamili, kwenye kichwa. Sasa huandika “Salamu” tu.