Chakula cha mbwa wa kufukuza nguruwe shambani: sufuria moja, mbwa watatu (kwenye mafuta usiruke mbele!)

Asalaam aleykum, shikamooni wakubwa, vijana mambo. Leo tuko Muheza, nyuma ya nyumba, mafiga yameshawaka na moshi unanifuata mimi tu, kamera hauigusi. Mmeniuliza sana: mbwa wako wanakimbizana na nguruwe pori usiku kucha, asubuhi bado wana nguvu, unawalisha nini? Haya, leo mtaona.

La kwanza kabisa, hawa wangu wanalinda mihogo na mahindi. Kuwinda wanyamapori kunataka kibali, kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo anayetaka kuwinda aanzie kwa maofisa wanyamapori wa wilaya yake. Tusije tukaitana mahakamani kwa sababu ya video.

Huyu anaitwa Chui. Sogea, mpwa wangu, sogea na kamera, hang'ati. Kabla ya kupima chakula unampima mbwa. Laza kiganja ubavuni hivi, usibonyeze. Mbavu nazisikia moja moja, lakini kwa macho huzioni, labda zile mbili za mwisho akijigeuza. Nikimtazama kwa juu, kiuno kipo. Hapo ndipo ninapomtaka. Mbavu zote zikionekana toka barabarani, ama chakula hakitoshi ama tumboni kuna minyoo. Ukizitafuta kwa vidole usizipate, huyo amekuwa mbwa wa kulala barazani, mpunguzie. Chui ana kama kilo 16. Vipimo vya leo ni vya mbwa watatu wa umbo hilo, kwa siku moja ya kazi. Siku za kupumzika napunguza, tena napunguza sana.

Haya, vitu vyetu. Mapupu ya ng'ombe, robo tatu kilo. Unga wa dona, nusu kilo kasoro. Dagaa wakavu gramu 200. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, yako kwenye kopo lile. Kuku huyo! Mfukuze, anakula dagaa wangu. Nimesema... haya, gramu 190.

Huku kwetu mbwa anasongewa ugali, anamaliziwa na ukoko, basi. Mbwa wa getini ataishi hivyo hivyo. Wa mbio, hapana. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4, na mbwa akikimbia mwendo mrefu misuli yake inategemea mafuta kuliko yetu sisi. Kwa hiyo ugali unakuwepo, ila nyama, dagaa na mafuta ndiyo kazi.

Mapupu katakata vipande vya kidole. Utumbo na bandama pia sawa, bei ndiyo itakayoamua. Ini nawapa mara moja moja tu, vitamini A yake ni nyingi mno, ikizidi kila siku inaharibu mifupa. Ukikata angalia ndani: ukiona malengelenge yenye maji, kipande hicho kichome moto au kifukie chini kabisa, mbwa asikifikie. Hayo ni ya tegu, mnyoo wa tumboni. Mbwa akiyala mabichi anaanza kutoa mayai ya tegu kwenye kinyesi, na mayai hayo yanaweza kuingia kwa watoto wako. Ndiyo maana hapa mapupu yanachemka kwelikweli, nusu saa na zaidi, si kubabuliwa.

Mpwa wangu leo katoka Tanga mjini, kapitia soko la samaki la Deep Sea, kaniletea na mfuko wa mabaki ya samaki tuongezee supu. Mwaga hapa kwenye sinia. Vichwa vya changu, vizuri, hivi vibua... Ngoja. Ngoja, ngoja. Rudisha kamera hapo. Unamwona huyu?

— Si samaki tu, mjomba?

Bunju huyu! Mtazameni vizuri, hata mimi sikupanga kumwonyesha. Mdogo kama ngumi. Hana magamba, ngozi inakwaruza. Tumbo jeupe limelegea, maana akiwa hai hulijaza maji akawa mpira. Na mdomo: meno yameungana, mawili juu, mawili chini, kama mdomo wa kasuku. Sumu yake haiishi kwa kuchemsha, haiishi kwa kukaanga, na inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mbwa anakufa, paka anakufa, mtu anakufa. Mfuko wote huu siutumii. Najua wengine mtasema toa bunju, wengine wapikwe. Wamelaliana humo toka mjini mpaka Muheza, mimi siwezi. Chimba shimo refu, mpwa wangu, halafu unawe mikono kwa sabuni. Tunaendelea bila supu ya samaki.

Dagaa. Hawa wa pwani, wa Kipumbwi na kwingineko, wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke, mwaga maji, waloweke tena. Ukionja ukasikia chumvi, rudia. Nawapenda kwa sababu wanaliwa na miba yao, na nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Ndiyo maana mimi sihangaiki na mifupa. Na mfupa uliopikwa usimpe mbwa kabisa, wa kuku ndio mbaya zaidi, unapasuka vipande vyenye ncha na unamchana ndani.

Dona: nusia. Mahindi yaliyoota ukungu watu husema "haya ya mbwa". Sumukuvu, sumu ya huo ukungu, haichagui! Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi, na mbwa ini lake halistahimili kuliko unavyodhani. Unga usioweza kuula wewe, usimpikie.

Mapupu yameiva, dagaa ndani, dona ndani, koroga mpaka uwe uji mzito unaoshuka mwikoni polepole. Hakuna kitunguu hapa, maji wala saumu, vyote vinaharibu damu ya mbwa. Chumvi hakuna. Na hii sufuria ni ya mbwa, mwiko ni wa mbwa, havivuki kile kizingiti. Bibi yenu akiuona mwiko huu jikoni kwake, nitaosha vyombo vyote mara saba kwa udongo, na nitahamia shambani.

Sasa mafuta. Kamera karibu. Sufuria iko chini, haiko motoni. Kijiko cha chakula. Mbwa aliyezoea, kijiko kimoja na nusu kwa siku. Aliyezoea! Mbwa wako ambaye maisha yake yote kala ugali, anaanza na nusu kijiko. Nusu. Siku mbili tatu unatazama kinyesi: kikiwa kigumu, unaongeza nusu nyingine. Kikilegea, unarudi nyuma. Ukienda haraka anaharisha, na mbwa anayeharisha kwenye joto la huku maji yanamwisha mara moja. Kongosho nalo linaweza kuvimba, hapo utamwona anatapika, kajikunja tumbo, umwite daktari wa mifugo. Wiki nzima au siku kumi za kupandisha, usinifanyie haraka. Narudia kwa yule aliyeruka mbele: nusu kijiko! Mnanitumia picha za kinyesi kila wiki, naziona, nami najua nani karuka.

Koroga, acha ipoe. Ingiza kidole mpaka chini, juu panadanganya. Chini pakiwa vuguvugu, gawa. Kila mmoja sahani yake, mbali na mwenzake, maana yule mbwa wangu Kamata ana mkono mrefu. Mdomo mrefu, niseme.

Saa za kula. Nguruwe wanaingia shambani usiku, kwa hiyo chakula kikubwa ni asubuhi hii, wakishapumzika na pumzi imetulia. Saa tisa alasiri kidogo kinachobaki. Baada ya hapo hakuna, kwa sababu kazi inaanza saa tatu usiku. Mbwa mwenye tumbo lililojaa akikimbia, tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda, na huyo humfikishi kwa daktari. Toka kula mpaka kazi acha masaa manne kamili angalau, mimi naacha sita. Maji ni tofauti, maji yapo muda wote, na shambani nabeba dumu. Wakirudi wanahema, kidogo kidogo kwanza.

Wa mjini mnaonunua chakula cha mfuko, someni nyuma. Protini 30 na mafuta 20 kwa mia, hicho ni cha mbwa wa kazi. Chini ya hapo sana ni cha mbwa wa getini, hata picha ya mbele iwe ya mbwa anaruka mto. Nacho unakichanganya na cha zamani wiki nzima.

Dagaa waliokwisha kuondolewa chumvi, kukaushwa upya na kusagwa ninao. Andika hapo chini uko wapi. Tanga mjini naleta mwenyewe siku ninayokwenda Mgandini, Korogwe na Pangani natuma kwa basi kuanzia kilo mbili. Kamata! Hiyo ni ya Chui! Mpwa wangu, weka simu chini umshike.