Jipu, Mwendo na Saa: Kumpima Farasi Aliyeshindwa

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nyinyi mnaokwenda Ngong siku za Jumapili mnaijua hali hii. Farasi ambaye kila mtu alimwekea pesa anaingia wa tatu, na kabla saisi hajamvua matandiko, watu wameshagawanyika. Hawa wanasema hakuwa lolote tangu mwanzo, wale wanasema joki alimharibia. Jioni hii tutaisikiliza kesi yenyewe, na nimechagua moja ambayo kumbukumbu zake ziko wazi: kushindwa kwa Secretariat katika Wood Memorial, uwanja wa Aqueduct, New York, tarehe 21 Aprili 1973.

Secretariat alikuwa amechaguliwa Farasi wa Mwaka nchini Marekani akiwa bado na miaka miwili, heshima ambayo ni nadra kupewa mtoto wa umri huo. Mwezi Februari 1973 haki za kumpandisha ziliuzwa kwa hisa 32, kila moja dola 190,000, jumla dola milioni 6.08. Tarehe 7 Aprili akashinda Gotham, maili moja, hapo hapo Aqueduct, kwa dakika 1 sekunde 33.4, akaifikia rekodi ya uwanja. Siku 14 baadaye, falongi 9, kama mita 1,800, akawa wa tatu. Mshindi alikuwa Angle Light, Sham akiwa nyuma yake kwa kichwa tu, na Secretariat nyuma yao kwa urefu wa farasi wanne. Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi wa miaka mitatu, ilikuwa imebaki wiki mbili.

Angle Light naye alifunzwa na Lucien Laurin, mkufunzi yule yule wa Secretariat. Laurin alishinda mbio akarudi zizini amenuna. Na kwa kuwa wawili hao walifungwa pamoja kwenye kamari, yaani tiketi moja ilikuwa ya wote wawili, aliyemchagua Secretariat alilipwa vilevile. Wachache sana wamewahi kulipwa kwa kukosea.

Sasa mzozo. Baba yake Secretariat ni Bold Ruler, na neno lililokuwa midomoni mwa watu wa mbio ni kwamba watoto wa Bold Ruler wana kasi lakini pumzi huwaishia masafa yakirefuka. Derby ni mita 2,000. Kwa hiyo Wood ilipokwisha, wenye shaka walisema: si tuliwaambia? Upande wa pili ukatafuta visingizio. Pande zote mbili zilifanya kosa moja, nalo ni kutazama namba ya mwisho, "wa tatu, urefu nne", kisha kuijengea hadithi.

Namba hiyo tuifungue. Urefu mmoja ni takriban mita 2.4. Farasi akikimbia mita 16 au 17 kwa sekunde, urefu mmoja ni kama sekunde 0.15, Wamarekani wa zamani walihesabu 0.2 kwa wepesi wa hesabu. Wapangaji uzito, yaani wale wanaoamua kila farasi abebe uzito gani ili nafasi zilingane, huugeuza urefu kuwa ratili, ambayo ni karibu nusu kilo: takriban ratili 3 kwa kila urefu katika mita 1,000, mbili katika mita 1,600, moja na nusu katika mita 2,400. Masafa yakirefuka, urefu mmoja unapungua thamani, maana farasi waliochoka huachana kwa urahisi. Urefu nne katika mita 1,800 basi ni ratili saba hivi. Si pengo dogo, lakini si la kumgeuza farasi bora wa nchi kuwa punda.

Tuitazame saa. Angle Light alimaliza kwa dakika 1 sekunde 49.8. Ondoa sekunde 12 na nusu hadi 13 za falongi ya mwisho, utaona kiongozi alipita alama ya maili kwenye dakika 1 sekunde 37 au karibu na hapo. Secretariat mwenyewe, katika uwanja ule ule wiki mbili kabla, aliimaliza maili kwa 1:33.4. Najua udongo wa uwanja hubadilika siku hadi siku, na saa peke yake haimhukumu mtu. Lakini tofauti ya sekunde tatu na zaidi hailetwi na udongo peke yake. Mbio zilikuwa za polepole, na hilo lina sababu.

Pancho Martin, mkufunzi wa Sham, alikuwa na mpango wa kuingiza farasi wengine wawili, Knightly Dawn na Beautiful Music. Maneno yakatupwa magazetini kwamba anataka kumzingira Secretariat kwa kundi. Martin akakasirika, akawaondoa wote wawili. Ndivyo ilivyokosekana roho ya kumsumbua Angle Light pale mbele. Joki wake, Jacinto Vasquez, aliongoza peke yake kwa mwendo aupendao. Sham, aliyekuwa wa pili, alipandwa na mtu ambaye jicho lake lilikuwa nyuma, akimngojea Secretariat. Kila mtu alimngojea Secretariat, na Angle Light akajiendea zake.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakawia kidogo. Mbio zikianza polepole, farasi wa mbele anabaki na nguvu za kumalizia. Chukua mfano wa hesabu tu: kiongozi anamaliza mita 400 za mwisho kwa sekunde 24, na farasi wako yuko urefu saba nyuma, yaani mita 17 hivi, sawa na sekunde 1.1. Ili amfikie ni lazima akimbie mita 400 zile kwa chini ya sekunde 23. Farasi wa kufanya hivyo wapo, ila ni wa kuhesabu. Kumbe mwendo ungekuwa mkali mwanzoni, kiongozi angemaliza kwa 26, na farasi wako yule yule, kwa juhudi zile zile, angeonekana simba. Kwa hiyo mkimtafutia farasi sababu, anzeni na aliyekuwa mbele: aliongoza peke yake, au alibanwa?

Mwendo lakini haumalizi kesi, maana Sham aliukuta mwendo ule ule na nusura ashinde. Kuna jambo la pili.

Asubuhi ya Wood daktari wa mifugo wa uwanja alimkuta Secretariat na jipu ndani ya mdomo wa juu. Joki wake, Ron Turcotte, alipanda bila kuambiwa. Alichokiona yeye, mazoezini siku zile na kwenye mbio zenyewe, ni farasi anayenyanyua kichwa kila hatamu zinapovutwa. Waliopanda farasi wanaelewa. Lijamu hukaa pale penye mwanya wa ufizi kati ya meno ya mbele na magego. Farasi wa mbio anapotaka kwenda kwa nguvu huliegemea lijamu, na joki humshika hapo hapo na kumpangia pumzi. Mdomo ukiuma, farasi anaukimbia mkono wa joki. Haliegemei lijamu, kichwa kiko juu, mgongo unabonyea, hatua inafupika. Hachoki, hajaanza hata kukimbia.

Tofauti hiyo ndiyo inayojibu hoja ya Bold Ruler. Farasi asiye na pumzi ya masafa utamwona anakwenda vizuri hadi kona ya mwisho, joki ametulia, kisha ghafla miguu inakuwa mizito. Secretariat hakwenda vizuri hata mahali pamoja. Namna alivyoshindwa haifanani na ugonjwa aliosingiziwa.

Mimi nina vipimo vitatu vya kisingizio, na navitumia bila huruma. Kwanza, kilijulikana kabla ya matokeo, au kilizuliwa baada ya tiketi kuchanwa? Pili, kinaeleza namna alivyoshindwa, au kinaeleza tu kwamba alishindwa? Tatu, kikiondolewa, farasi anarudi? Jipu lilionekana asubuhi, kabla ya mbio. Linaeleza kichwa kilichonyanyuka. Na lilipopasuka, farasi alirudi. Tarehe 5 Mei, Churchill Downs, mita 2,000, alimaliza kwa dakika 1 sekunde 59.4, rekodi ya Kentucky Derby hadi leo. Robo maili zake tano zilikwenda hivi: 25.2, 24, 23.8, 23.4, 23. Kila robo kasi kuliko iliyotangulia. Mtoto huyo wa Bold Ruler ndiye aliyeambiwa hana pumzi.

Kwa wasioiamini saa, mtumieni Sham kama rula. Kwenye Wood alimtangulia Secretariat kwa urefu nne. Kwenye Derby aliachwa kwa mbili na nusu. Hiyo ni mageuzi ya urefu sita na nusu kwa siku 14, na Sham hakuwa ameshuka. Angle Light, mshindi wa Wood, Derby aliingia wa kumi.

Zizini kwenu hakuna haja ya kubahatisha. Farasi akirudi vibaya, mpimeni joto. La kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Daktari amchungulie koo kwa kamera kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya mbio, aone kama kuna damu kutoka mapafuni, makamasi, au upande mmoja wa koo usiofunguka. Asikilize moyo mapema: mapigo yasiyo na mpangilio humsimamisha farasi katikati ya mbio kama aliyezimwa, na mara nyingi hurudi sawa yenyewe, ukichelewa hukuti kitu. Damu ichukuliwe kuhesabu chembe nyeupe. Mdomo ufunguliwe, midomo ikunjuliwe kwa vidole. Na muulizeni saisi kama ndoo ya chakula ilibaki na kitu usiku uliotangulia. Jibu la saisi lina thamani kuliko maelezo ya watu kumi wenye darubini.

Msinielewe kwamba kila kushindwa kuna jipu. Mwaka ule ule, tarehe 29 Septemba, katika Woodward, Belmont Park, mita 2,400 kwenye udongo uliolowa, Prove Out alimpiga Secretariat kwa urefu nne na nusu. Prove Out, mwenye miaka minne, alibeba ratili 126. Secretariat, kwa sababu ya umri, 119. Ni kweli Secretariat aliingizwa kwa kuwa Riva Ridge, mwenziwe wa zizi, hakupenda matope. Ni kweli alikuwa akitayarishwa kwa mbio za nyasi. Lakini hayo yapitisheni kwenye vipimo vyangu: hayaelezi namna alivyoshindwa, maana alikwenda vizuri tu, akatangulia, kisha akapitwa. Siku ile aliyeshinda alikuwa bora. Mwezi uliofuata Prove Out akampiga Riva Ridge pia, kwenye Jockey Club Gold Cup ya maili mbili. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani; mpimaji naye asiyekubali farasi wake mpendwa kushindwa kihalali atazipoteza pesa zake Jumapili ijayo.

Uwezo ni dari ambayo farasi amekwisha kuigusa, na akiigusa zaidi ya mara moja ni yake. Kushindwa hakuishushi dari. Kunakuambia ni mara ngapi anaweza asiifikie, na kwa sababu zipi. Hizo ni hesabu mbili, na mwenye kuweka pesa anazihitaji zote.

Nimalizie na Sham, kwa sababu hukumu yake bado inanikera. Katika Belmont, tarehe 9 Juni, walikuwa farasi watano na yeye aliingia wa mwisho, Secretariat akishinda kwa urefu 31 na dakika 2 sekunde 24. Karatasi ya matokeo inasema hivyo tu. Haisemi kwamba Sham ndiye aliyethubutu kwenda naye bega kwa bega mapema, katika mbio za mita 2,400 ambazo falongi 6 za kwanza zilipita kwa dakika 1 sekunde 9.8. Mwezi Julai alivunjika mfupa wa mguu, hakukimbia tena. Chukueni kalamu, andikeni mbele ya jina lake ratili mnazodhani anastahili, halafu tuanze maswali.