Besi Nzito Bila Sabufa: Unasikia Nini, Unakosa Nini

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo ni besi. Mtu anayesikiliza muziki mzito wa kielektroniki bila sabufa, anausikia wimbo au anasikia nusu ya wimbo? Kaka Kelvin, tuanzie wapi?

KELVIN: Tuanze na besi yenyewe ilivyotengenezwa, maana jibu limejificha humo. Chukua logi dramu ya amapiano, ule mlio wa ngoma unaobeba besi yake. Noti yake ya chini inaweza kukaa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lakini juu yake kuna milio ya hezi 100, 150, 200 na kuendelea, pamoja na ule mlio mkavu wa kugonga wa mwanzo. Hiyo milio ya juu ndiyo hamoniki. Spika ya simu haigusi hezi 50 hata kidogo. Kwa simu nyingi, sauti ya maana inaanzia kwenye hezi 300 hivi. Sasa ubongo ukisikia 300, 350 na 400, unatambua zimepishana kwa 50, na noti ya chini unaijaza wenyewe. Ndiyo maana mtu akifungulia amapiano kwenye simu ndani ya daladala, bado unaifuata logi dramu noti kwa noti.

MWANAIDI: Kwa hiyo amapiano inavumilia. Na dubstep?

KELVIN: Dubstep, muziki wa kielektroniki wa besi nzito, ile ya mwanzo haivumilii. Nazungumzia ile ya Croydon, kusini mwa London, miaka ya mwanzo ya 2000. Besi nyingi za kipindi kile zilikuwa wimbi tupu la hezi 40 hadi 60, halina hamoniki za kushikilia. Nyimbo zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi zenye spika za kuitoa hiyo besi: usiku wa FWD pale klabu ya Plastic People, na usiku wa DMZ ulioanza Brixton mwaka 2005, zote London. Ukiupiga wimbo wa namna hiyo kwenye simu, unabaki na milio ya ngoma tu, hi-hati na snea inayodondoka pigo la tatu, na katikati kimya. Melodi yenyewe ilikuwa kwenye besi, na haipo.

MWANAIDI: Hapo mtu aseme basi, sabufa ni lazima.

KELVIN: Lazima ni chombo kinachofika hezi 40. Hedifoni nzuri inafika.

MWANAIDI: Inafika, tena wengine wanashangaa inafikaje na koni, ile sehemu inayotetemeka, ndogo vile. Sababu ni kwamba haisukumi hewa ya chumba kizima, inasukuma ile kidogo iliyozibwa kati yake na ngoma ya sikio. Ufunguo ni huko kuziba. Zile za kuchomeka sikioni huja na vipira vya saizi 3, na watu wengi hawabadilishi hata siku moja. Fanya hivi: piga wimbo wenye besi ndefu, kisha zibonyeze taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka, hujaziba vizuri, panda saizi. Na masikio mawili si lazima yatumie saizi moja.

KELVIN: Unachokosa kwenye hedifoni ni mwili. Kifua hakitikisiki.

MWANAIDI: Na kwa muziki uliotungwa utikise kifua, hilo si jambo dogo. Mimi nasema wazi: kwa dubstep ya DMZ, hedifoni inakupa wimbo wote lakini haikupi tukio lote. Ila kuna jambo la sauti kuwa chini, lieleze.

KELVIN: Watafiti Fletcher na Munson walilipima mwaka 1933: sikio letu ni zito kwa besi, hasa sauti ikiwa ndogo. Mlio wa hezi 40 unahitaji takriban desibeli 50, kipimo cha ukubwa wa sauti, ndipo uanze tu kusikika, wakati wa hezi 1,000 unasikika karibu na sifuri. Kwa hiyo hata ukiwa na sabufa ya bei mbaya, ukisikiliza chinichini besi ndiyo ya kwanza kupotea. Asiyelijua hilo anapandisha sauti yote akitafuta besi, na kinachoumia ni masikio, kwa sababu midi (sauti za kati) na trebo (sauti za juu) zimepanda pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ongeza besi peke yake, desibeli 3 au 4, uache vingine.

MWANAIDI: Sasa twende sebuleni. Nyumba nyingi huku zina ile seti moja: boksi la sabufa, rimoti, sehemu ya fleshi, na spika ndogo 2 au 3. Kwa nini inavuma hivi, lakini besi haieleweki?

KELVIN: Kwa sababu zile spika ndogo zina koni ya inchi 3 hivi, haziwezi kushuka. Mtengenezaji analazimika kuliachia boksi kila kitu kuanzia hezi 150 au 200 kushuka chini. Boksi linabeba mpaka sehemu ya sauti ya mwimbaji, na sikio linajua kabisa inatokea kona ile. Halafu kuna tundu la hewa la boksi. Likiwa limepangwa hezi 60, chini ya hapo koni inakosa kizuizi cha hewa: inarukaruka, tundu linapuliza, sauti haitoki. Kushuka kutoka hezi 80 hadi 40 kwa ukali uleule kunataka hewa mara 4, na boksi dogo halina pa kuitoa.

MWANAIDI: Na zile wati 10,000 za kwenye katoni?

KELVIN: Geuza boksi, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema linatumia wati 60 za umeme, haliwezi kutoa zaidi ya hizo mfululizo.

MWANAIDI: Kupima mwenyewe ni rahisi. Pakua programu ya bure ya kutoa milio, weka sauti ya wastani, anza hezi 100, shuka 80, 60, 50, 40. Usikimbilie 30 kwa nguvu, unaweza kugongesha koni. Sikiliza inapofifia. Na kuna mtego hapa: ukipiga 40 ukasikia mlio unaofanana na ule wa 80, spika haijafika 40. Imeshindwa, inatoa mkwaruzo wa juu yake.

KELVIN: Kabla ya kununua kingine, hamisha ulichonacho. Wimbi la hezi 43 lina urefu wa mita 8. Chumba cha mita 4 ni nusu yake kamili, kwa hiyo noti hiyo inajaa ukutani na kufa katikati. Kochi likiwa katikati ya chumba, utasema sabufa mbovu, kumbe umekaa kwenye shimo. Sogea hadi karibu theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani.

MWANAIDI: Njia ninayoiamini kuliko zote: weka sabufa pale unapokaa, piga besi inayopanda na kushuka, kisha tembea kando ya kuta ukiwa umeinama. Sehemu ambayo noti zote zinasikika sawasawa, iweke hapo. Kona huongeza nguvu, lakini mara nyingi noti moja inavimba na nyingine zinazama.

KELVIN: Kwa sabufa ya kujitegemea na spika za inchi 5, krosova, yaani hezi ambapo sabufa inaziachia spika, anzia 80. Halafu swichi ya 0 na 180 kwenye sabufa, inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wake: piga mlio wa hezi 80, mtu mmoja akae mahali pa kusikilizia, mwingine abadilishe. Chagua unaposikika kwa nguvu zaidi. Sauti ya sabufa iongeze taratibu, uishie pale ambapo huitambui sabufa mpaka uizime.

MWANAIDI: Singeli je? Watu wataniuliza.

KELVIN: Singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nguvu yake iko midi na juu. Sabufa inayovuma polepole inaichafua. Besi ya pigo moja haijaisha, jingine limeingia. Hapo punguza.

MWANAIDI: Mwisho, majirani. Trei za mayai na godoro ukutani havizuii hezi 40, vinapunguza trebo tu. Kuondoa boksi sakafuni na kulikalisha juu ya mpira mzito kunasaidia kidogo kama uko ghorofani. Usiku, kata kila kilicho chini ya hezi 60 kwenye ikwalaiza: logi dramu utaifuata vilevile. Dubstep isubiri mchana, au chukua hedifoni.